Fundi Aliyeogopa Kufuta

Nimewajua watu waoga wengi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, lakini sijaona mtu aliyeuvaa woga wake mchana kweupe kama Fundi. Wengine huuficha kwa maneno makubwa au kwa kucheka. Yeye aliuweka mezani pamoja na bisibisi na brashi, kama kifaa cha kazi. Ukimletea simu iliyokwama, alijifuta viganja kwenye suruali kwanza, akavuta pumzi, akakutazama kana kwamba umekuja na habari ya msiba.

Kwa miaka tisa tulitenganishwa na ukuta mmoja pale Mabawa. Fremu yangu ni ya fotokopi na kuchapa barua, yake ilikuwa ya simu. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Waumini wenzake wa Kilutheri walimwita Fundi, sisi Waislamu wa mtaani tulimwita Fundi, na hata mchungaji wake alipopita kumsalimia alisema, "Fundi, Jumapili usichelewe." Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kwa miaka ya kutazama vitu vidogo, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata katika joto la Februari, joto ambalo mbuzi wenyewe hulikimbia.

Neno lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa moja. Hakuuliza simu imeharibika nini. Aliuliza, "Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, Fundi."

"Umebonyeza. Kila mtu amebonyeza. Nambie nini, na baada ya hapo ukabonyeza nini."

Kisha alifungua daftari na kuandika kila hatua, kama mganga anayeuliza mgonjwa amekula nini jana. Wateja walichukia. Kuna fundi kijana karibu na stendi alikuwa akiishika simu, anabana vitufe viwili kwa pamoja, inatokea menyu nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza, anachagua kufuta kila kitu, na kabla hujamaliza soda yako simu imewaka kama mpya. Kwa Fundi uliacha simu siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Nilimwuliza siku moja kwa nini haharakishi kama mwenzake.

"Mama Rehema," akasema, "kufuta kila mtu anaweza. Hata mtoto anaweza. Hiyo si kazi."

Aliwaeleza watu mambo ya ndani ya simu kwa lugha ya nyumba. Alisema nafasi ya simu imekatwa vyumba. Kuna chumba cha mitambo, kuna chumba kidogo chenye namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na kuna chumba cha mwenye nyumba, ndimo zilimo picha zako, sauti, meseji na majina ya watu wako. Chumba cha mwenye nyumba kikijaa mpaka mlangoni, au ukuta wake ukipata ufa, simu huishia kwenye nembo, inazima, inawaka, inaishia tena pale pale. "Sasa wenzangu," alisema, "wakiona hivyo, wanachukua fagio na kutupa kila kilichomo chumbani. Simu inawaka, kweli. Lakini mle hamna mtu tena."

Aliogopa mambo mengi nje ya simu pia. Aliogopa mbwa, hata wale wa kulala. Wingu likianza kukusanyika upande wa Usambara, alichomoa nyaya zote ukutani na kukaa amejikunyata mpaka mvua ipite. Aliogopa umeme unaporudi kuliko unapokatika. Na huyo huyo, Jumapili kwenye kwaya, nimeambiwa na watu wa kanisa lake, alikuwa na sauti nzito ya kutikisa madirisha, akiimba amefumba macho bila chembe ya haya. Sikuwahi kuamini mpaka nilipopita nje ya kanisa siku ya harusi ya jirani nikaisikia mwenyewe. Nilisimama pale barabarani na mtandio wangu, nikawaza, kumbe mtu huyu anayo sauti hii, na kazini hunong'ona.

Jambo jingine lililowashangaza watu ni kuwa hakuwa na simu janja. Alitembea na kisimu cha batani chenye raba iliyochakaa. Nilipomtania alijibu kwamba muuza sumu halambi vidole.

Alikuwa na adabu moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Simu ya mteja ikiwaka, alitandika kitambaa juu ya kioo, akaacha tu ile sehemu anayohitaji kuiona. Picha za watu hakuzitazama. Ikimlazimu kuhakikisha kama picha zipo, alimwita mwenyewe aangalie, yeye akageuza uso ukutani. Na ikiwa hapana budi kufuta, hakubonyeza yeye. Alimpa mwenye simu. "Soma kwa sauti," alimwambia, "halafu bonyeza wewe, ukiwa umeelewa." Nimewaona wanaume wazima, wafanyabiashara wa nazi kutoka Pangani, wakikaa na kidole hewani, jasho linawatoka, kwa kuwa sasa mtu amewaambia maana ya neno lile.

Mmoja wa hao wa nazi alimletea kadi ya memori. Simu yake ilikuwa imekufa kabisa, imezama kwenye ndoo ya maji, akatoa kadi akiamini kila kitu kimo humo, maana siku aliyoinunua, simu ilimwuliza kama aifanye kadi iwe sehemu ya nafasi ya ndani, naye akakubali. Kila simu aliyoiwekea kadi hiyo ilimwambia kadi ni mbovu, ifomatiwe.

"Si mbovu," Fundi akamwambia. "Hii imeolewa."

"Imeolewa vipi?"

"Siku ile ulipokubali, uliifungisha ndoa na simu yako. Siri ya kufungulia imo ndani ya simu ile, haimo kwenye kadi. Mwanamme mwingine akimtaka, hamfungulii mlango."

Yule bwana alicheka, sote tukacheka, lakini Fundi hakucheka. Alikaa na ile simu ya ndooni siku kumi, akiikausha na kuisafisha kwa brashi laini, akitafuta namna ya kuiwasha mara moja tu, kadi yake ikiwa ndani. Iliwaka siku ya kumi na moja kwa muda wa kutosha kunakili vitu, ikafa moja kwa moja.

Nilimwuliza alikoupata woga huu, kwa sababu mtu hazaliwi akiogopa kitufe. Alinieleza mara moja tu, tukiwa tumejikinga mvua chini ya bati lake, na hakurudia tena.

Alipoanza kazi za simu, baada ya miaka mingi ya kutengeneza redio, alikuwa na haraka kama yule kijana wa stendi. Akaja mzee wa Nguvumali, mstaafu wa reli, simu yake imekwama kwenye nembo. Fundi hakuuliza kitu. Akabana vitufe, akafuta, simu ikawaka, akamkabidhi kwa furaha. Yule mzee akaanza kutafuta. Akafungua huku, akafungua kule, akavaa miwani, akaivua.

"Fundi, mke wangu yuko wapi?"

Ilikuwa video fupi ya marehemu mkewe akimgombeza kwa sababu ya kuni mbichi. Nusu dakika tu. Hakuwa na picha nyingine ya mama huyo akitembea na kusema. Fundi alisubiri atukanwe. Yule mzee akazima simu taratibu, akasema, "Basi, ahsante. Sasa amekufa kweli."

"Angenipiga ningepona," Fundi aliniambia. Mvua ilikuwa imeshapungua, lakini hakuinuka. "Nilikwenda kwake Nguvumali mara tatu kumwomba radhi. Kila mara alinikaribisha chai. Kila nikishika kikombe, mkono unatetemeka. Tangu hapo mkono haujaacha."

Lakini msidhani woga wake ulikuwa wa kumkalisha chini. Kuna siku alikuja bwana mmoja wa kifua kipana, saa mkononi, na simu yenye kava la waridi. Alisema ni yake, amesahau patani, ule mchoro wa kuifungulia, na anataka meseji na picha zote zitolewe kabla hazijapotea. Fundi akaitazama kava, akamtazama yeye.

"Mwenye simu aje mwenyewe," akasema.

"Nimekwambia ni yangu."

"Basi nitajie namba yako niipige, tuone kama hii italia."

Yule bwana akaegemea meza mpaka makopo ya skrubu yakagongana. "Unajua mimi ni nani?"

Nilikuwa mlangoni kwangu nikiwa na karatasi mkononi, na nilimwona Fundi anatetemeka waziwazi, kidevu na mabega. Sauti yake ikatoka nyembamba: "Sikujui, na naogopa kukujua. Lakini siifungui."

Alikunjwa shati, kifungo kile cha shingoni kikang'oka. Nilipiga kelele za kuita watu, muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara akaja na wenzake, yule bwana akachukua simu akaondoka akisema tutaonana. Kwa mwezi mzima Fundi alifunga kazi alasiri, akipita njia za uchochoroni kurudi kwake. Hakupona kwa ushujaa, kama wasemavyo watu. Aliogopa kila siku ya mwezi ule, na kila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya fremu alishika ukingo wa meza.

Baada ya hapo mwenye simu alikuja kweli, ile yenye kava la waridi imerudi mikononi mwake. Binti amejifunika uso, akazungumza naye kwa chini. Alitaka kila kitu kifutwe, na akaunti iondolewe, na asiweze kufuatwa. Nilidhani Fundi atamwuliza maswali yake. Hakumwuliza. Alimwonyesha pa kuondoa akaunti kwanza ili simu isijifunge, akamwonyesha pa kufuta, akageuka ukutani. Binti akabonyeza. Alipoondoka Fundi akaniambia, "Kuna mwingine kufuta ndiko kupona kwake. Hilo nalo linanitisha, kwa sababu kitufe ni kile kile."

Sasa nifike kwenye langu.

Mwanangu Rehema alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mimi ndiye niliyesaini. Dalali alikuwa na maneno laini na karatasi nyingi, na mimi ninayechapa karatasi za watu kila siku nikaamini karatasi. Miezi minne ya kwanza Rehema alinitumia sauti kila Ijumaa. Kisha zikawa fupi. Kisha akaanza kusema kwa kunong'ona, akasema mwajiri amebadilishwa, yuko nyumba nyingine, mji mwingine, mlango unafungwa kwa nje. Nikimwuliza wapi, hajui. Nilimwambia atazame dirishani aniambie anachokiona.

Wiki mbili zikapita kimya. Ijumaa moja asubuhi zikaingia sauti tatu kwa mpigo, za Rehema, na hazikufunguka. Kila nikigusa, simu inasema nafasi imejaa. Nikaanza kufuta picha kwa pupa, sijui hata nilifuta nini. Simu ikaganda, ikazima, ikawaka, ikafika kwenye nembo, ikazima tena. Namba ya Rehema, nilipoipiga kwa simu ya jirani, ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na njia nyingine duniani ya kujua mwanangu alisema nini isipokuwa ndani ya kile kibao kilichokuwa kinawaka na kuzima mkononi mwangu.

Fundi hakuwapo siku hiyo, alikwenda mazikoni Muheza. Mteja wangu mmoja, mtu mwema tu, akaniambia, "Dada, hii ni rahisi, nimeiona kwa yule wa stendi." Akabana vitufe, ile menyu nyeusi ikatokea, akashuka mpaka kwenye mstari, akaniambia bonyeza hapa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Wallahi kilikuwa juu yake. Na kilichonizuia si akili. Nilisikia sauti ya Fundi ikiniuliza umebonyeza nini, nikaona haya kumjibu kesho yake. Nikamnyang'anya simu, nikaizima, nikaifunga kwenye kanga.

Jumamosi asubuhi nilimsubiri kwenye kizingiti chake. Alipoona uso wangu hakusalimia.

"Umebonyeza nini?"

Nikamwambia yote. Akaandika, lakini mwandiko wake siku ile ulikuwa wa kupanda na kushuka. Nilipomaliza akafunga daftari. "Mama Rehema, sitaki kukudanganya. Chumba chako kimejaa mpaka mitambo haina pa kukanyaga. Naweza kujaribu kuweka mitambo mipya bila kugusa chumba chako. Lakini nikikosea hatua moja, hakuna kurudi. Si mimi wala mwingine atakayeweza."

"Na usipojaribu?"

"Iko hivi hivi."

"Basi jaribu, Fundi."

"Nitajaribu ukikaa hapa usome. Macho yangu siyaamini leo."

Tukakaa bega kwa bega mbele ya kompyuta yake, ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani, ikiishi kwa waya wa ukutani. Alituma mtu akaombe kwa majirani wasiwashe pasi wala mashine ya kusaga mpaka aseme. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya vyumba vyote vya simu, kila kimoja na kijisanduku chenye alama ya tiki. Chenye tiki kinaandikwa upya, kisicho na tiki kinaachwa. Akashuka mpaka kwenye mstari wa chumba cha mwenye nyumba, akaondoa tiki. Akashuka kwenye kile chenye namba ya utambulisho, akaondoa. Akanifundisha kusoma: jina la chumba, halafu niseme ipo au haipo.

Nikasoma. Ipo, ipo, ipo, haipo, ipo, haipo. Akasema vizuri. Kisha akagundua faili la mitambo aliloliweka ni la toleo jingine, akalibadilisha na lililo sawa. Akashika kipanya abonyeze kuanza.

"Soma tena," akasema.

"Si nimesoma sasa hivi?"

"Soma tena, mama."

Nikasoma. Ipo, ipo, ipo. Nikafika kwenye chumba changu. Tiki ilikuwa imerudi. Alipobadilisha faili, orodha nzima ilijipanga upya na kuweka tiki kila mahali, bila kutuambia. Nikaweka kidole kwenye kioo. Fundi akatazama, akaachia kipanya kama kimemuunguza, akainuka, akatoka nje, nikamsikia akitapika nyuma ya fremu.

Aliporudi alikuwa ameosha uso. Akaondoa tiki zile mbili. Nikasoma mara tatu. Akabonyeza kuanza, na mstari mwekundu ukaanza kutembea, na mimi nikasoma kila aya niliyoijua tangu chuoni. Yeye aliimba chini kwa chini wimbo wake wa kanisani, bila maneno, mikono ameikalia ili isiguse kitu. Sijui ilichukua muda gani. Najua muuza mihogo alichungulia mlangoni akarudi zake, kwa jinsi tulivyokuwa.

Simu ikafika kwenye nembo. Ikakaa. Ikakaa. Ikapita.

Ikaniomba patani. Nilikosea mara mbili, Fundi akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Polepole, kama unaandika jina lako," nikaichora. Majina yangu yalikuwapo. Meseji zilikuwapo. Akahamisha video za harusi kwenye kadi ili kupata nafasi, na zile sauti tatu zikaanza kuteremka moja moja.

Nikashindwa. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya sauti hizo, na nilipoona zinaanza kufunguka sikuweza kuzisikiliza. Nikamwambia, "Sikiliza wewe, Fundi. Uandike anachosema kuhusu mahali." Alikataa kwa kichwa, yeye ambaye hakuwahi kutazama hata picha ya mteja. Nikamwambia ni amana nampa. Akavaa visikizio.

Nilikaa kizingitini, mgongo kwake. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka alinipa karatasi: duka la dawa lenye taa ya kijani mbele ya nyumba, msikiti wenye minara miwili upande wa kushoto, geti la bluu, jina la mwajiri kama Rehema alivyolisikia, na jina la mtaa lililoandikwa kwenye boksi la mkate. Mwandiko ulikuwa wazi, mkubwa, hauna mtetemo.

"Na alisema nini tena?"

"Alisema hayo. Sauti mbili. Ya tatu imekuja nusu, haifunguki."

Nikaipiga karatasi picha, nikaituma kwa shoga yangu anayeishi huko Uarabuni, naye akautambua mtaa, akaipeleka ubalozini siku ile ile. Siku kumi na moja zilipita. Fundi katika siku hizo hakula mchana. Alikuja kila asubuhi kusimama mlangoni kwangu, bila kuuliza, na mimi nikatikisa kichwa, akaenda kufungua kwake. Nilidhani ananihurumia.

Rehema alirudi. Alikuwa amekonda na ana alama ya pasi kwenye mkono wa kushoto, na kwa miezi mingi alilala na taa imewashwa, lakini alirudi. Wiki ile ile alikwenda mwenyewe kwa Fundi kumshukuru, wakazungumza kitambo, mimi nina wateja. Sikuuliza.

Fundi alifunga kazi miaka miwili baadaye kwa sababu ya macho. Alihamia Mwera, kwa binti yake, na fremu yake sasa ni ya saluni. Tulisalimiana kwa simu siku za sikukuu, yake kwangu Idi, yangu kwake Krismasi. Mwaka huu binti yake alinipigia akasema baba anakuulizia. Nikaenda.

Nilimkuta ukumbini, ameketi kwenye mkeka, anachambua choroko kwa vidole, maana jicho moja limekwisha na la pili linaona kivuli tu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa hapa, upande wa jicho."

Tukaongea habari za Mabawa, nani kafa, nani kaoa. Nikamwambia Rehema ameposwa. Akaacha choroko.

"Mama Rehema, zilikuwa tatu."

Sikumwelewa.

"Ya tatu haikuwa nusu. Ilifunguka. Ilianza hivi: Mama, kama umeipata hii na mimi sijarudi. Nikaisimamisha hapo. Nikaihamisha kwenye kadi ndogo, nikaiondoa kwenye simu yako. Iliyobaki sikuisikia."

Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Ilikuwa ya kwangu."

"Ilikuwa ya kwako."

"Na angekufa?"

"Ningekuletea. Nilitembea nayo siku kumi na moja kwenye mfuko wa shati. Nililala nayo. Niliogopa isije ikalowa jasho, nikaifunga kwenye nailoni. Kila asubuhi nilikuja mlangoni kwako kutazama usoni mwako kama nikupe." Alivuta pumzi. "Nilikuona umekaa pale kizingitini. Nikajua ukiisikia hutainuka, na mtu wa kuipeleka ile karatasi alikuwa wewe peke yako. Mimi nimedanganya mteja mmoja maishani. Sikutaka nife wewe hujui."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na shukrani, na sikuweza kuzitenganisha. Nikamwuliza kadi iko wapi.

"Nilimpa mwenyewe, wiki aliyorudi. Alichofanya nayo sijui."

Binti yake akaleta chai. Tukanywa. Nilipoaga alinyoosha mkono akitafuta wangu, na ulikuwa unatetemeka kama zamani. Niliushika kwa mikono yangu miwili mpaka ukatulia kidogo. Haukutulia kabisa.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Rehema alikuwa jikoni uani, anakuna nazi. Akaniuliza Fundi hajambo, nikasema hajambo, macho tu. Akaendelea kukuna. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Kakwambia."

"Kaniambia."

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Miaka yote ile nimeogopa simu ikilia, nimeogopa mlango ukigongwa, na sasa niliogopa kinywa cha mwanangu mwenyewe. Alikung'uta chicha kwenye ungo.

"Usiogope, mama. Niliifuta siku ile ile aliyonipa. Yule aliyeisema alijua anakufa. Mimi sikufa."

Akaniambia nikae, wali u karibu. Nikakaa.